Gari Jekundu Juu ya Mawe

Mwanangu, nakumbuka siku niliyofungua mlango wa gari nikashuka kwa hasira, na gari lenyewe lilikuwa halijasogea hata kidogo. Kaa nikueleze. Na hiyo simu iweke chini ninaposema.

Ilikuwa hapa hapa Buyenzi, vita vimetukaba koo. Milio ilitoka milimani, na jua likizama kila mtu yuko ndani kwake. Nilikuwa nimeposwa na Saidi, fundi magari, mtoto wa mwenye gereji ya jirani. Mahari ilishatolewa. Ndoa ya kwetu unaijua: walii, mashahidi wawili, shehe, sebule ya mtu, basi, mmekuwa mke na mume. Lakini watu wa gereji walikuwa na mambo yao. Mtoto wa fundi haoi mpaka magari yaliyopita mikononi mwa baba yake yapange msafara, yapige honi mji mzima hadi ziwani. Na nani angetoa gari lake kwa sherehe siku zile? Baba yake akasema, "Tungoje amani. Apana kuoa kimya kimya, watu watatucheka." Na mimi, mjinga, nikaitikia. Niliutaka ule msafara kuliko hata ndoa yenyewe.

Gari la bibi harusi lilikuwa jekundu. Saidi alilitengeneza mwenyewe, uani, likiwa juu ya mawe, halina magurudumu, halina giaboksi. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilipita pale, naye alinifungulia mlango kana kwamba mimi ni mke wa waziri. Mbele tulikaa mimi na yeye. Nyuma alikaa Bibi Zena, nyanya yake, akitulindia heshima na birika la chai mapajani. Saidi anashika usukani.

"Leo tunaenda wapi?"

"Kibenga," Bibi anajibu, jibu lile lile siku zote, "nione maji ya ziwa."

Basi Saidi anakata kona, anamgombeza dereva asiyekuwepo, anapiga honi kwa mdomo: piii, piii! Bibi anacheka mpaka chai inamwagika. Mafundi wenzake wanatupungia mikono, wanatutakia safari njema. Nami nimekaa hapo, akili yangu iko kwenye yale mawe chini yetu.

Sasa siku hiyo ninayokueleza, nikachoka. Nikamwambia Saidi, "Mi sitaki tena gari isiyofika popote. Itatembea lini?"

Mikono ya Saidi ikabaki kwenye usukani. Bibi Zena akanigonga bega kutoka nyuma.

"We mutoto, nani alikuambia mi nataka kufika? Tukifika tutashuka, kila mutu ataenda kwake. Acha nikae na nyinyi."

Nikaona huyu uzee umemchanganya. Nikashuka, nikabamiza mlango, chai yangu nikaiacha imejaa kikombeni.

Kesho yake asubuhi Saidi akapanda lori kwenda Gitega. Alikuwa amesikia kuna giaboksi huko. Hakuja kuniaga, alijua nimenuna. Wakati wa kurudi lori lilipigwa risasi njiani. Walimleta amefunikwa turubai, na giaboksi kando yake, zima, halina hata mkwaruzo. Wanaume walimzika kabla ya magharibi.

Baba yake akalifunga lile giaboksi kwenye gari, akatia magurudumu. Sijui kwa nini, labda mikono yake ilitaka kazi. Gari likawaka. Likanguruma pale uani, na hakuna aliyepanda. Bibi Zena akatoka, akamwambia alizime, kisha akaingia kiti cha nyuma akakaa peke yake. Mimi nilisimama karibu na mlango wa gari, nikashindwa kuingia.

Amani ilikuja, ndiyo, kila mtu atakwambia. Siku hizi misafara ya harusi inapita barabara hii hii, honi mpaka masikio yanauma, na mimi hufunga dirisha. Wanasema muda unaponya. Mimi haujaniponya kitu, nisikudanganye.

Sasa na wewe unaniambia utaanza kuishi ukimaliza nyumba. Mchumba wako anakuja kila jioni, anakusimulia vichekesho vyake, na wewe akili yote iko kwenye matofali. Sikukatazi kujenga, mwanangu. Jenga. Lakini leo akija, mtazame usoni. Kunywa naye chai mpaka kikombe kiishe. Upuuzi wenu wa jioni ufurahie, maana huenda ndiyo harusi yenyewe utakayoipata. Na ndoa fungeni, hata hapa sebuleni kwangu, nitasogeza viti.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba unayoitaka, na msafara juu yake. Na kama hakukuandikia hivyo, akubakishie mtu wa kukupigia honi kwa mdomo, na akupe akili ya kucheka naye wakati bado yupo. Amin.