Mawe ya Duara Nyuma ya Nyumba ya Wakwe

Chekeni, lakini polepole, maana aibu yangu bado mbichi. Mimi ni mwanaakiolojia, na nilisomea mbali, kwenye nchi ya barafu. Huko mahema ya Wainuit wa kale yalioza zamani, ila mawe yaliyokandamiza pindo zake yamebaki, yamepangika duara. Tulifundishwa kwamba ukiona duara, majivu na mifupa, hapo waliishi watu.

Basi juzi, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, Mji wa Kale, wanafunzi wangu wakafukua mawe ya duara. Ndani yake mlikuwa na majivu na mifupa ya mbuzi tele. Nikaita mtaa mzima, nikapanda juu ya kifusi.

"Hapa," nikahutubu, "wahenga wetu walikusanyika, wakala, wakafurahi, wakaenda zao." Kisha nikainua chuma kirefu kilicholiwa na kutu. "Na hii, bila shaka, ni fimbo ya mkubwa wao."

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono.

"Mwanangu, nipe upawa wangu."

"Upawa, Mama?"

"Ulinipotea hapo hapo, tukipakua pilau ya harusi yako."

Siku ile, bwana harusi mzima, jikoni sikukanyaga. Nilikaa ukumbini na kanzu yangu mpya, nikingoja. Na sahani ya kwanza iliyotoka kwenye mawe yale, niliwekewa mimi.