Daktari Achama na Kigoda Kisicho na Mtu

Ziiiii. Sauti nyembamba inapenya chini ya mlango, inawachoma masikio walioketi kwenye benchi, kisha inakatika ghafla.

"Mvua ya jana ilikukuta njiani?" sauti ya mwanamume inauliza huko ndani.

"Aa."

"Au ulikuwa umeshafika nyumbani?"

"Aa."

"Ehe. Pole sana."

Ziiiii. Kwenye benchi, mama mmoja mshonaji, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake, anacheka kwa pua. "Huyo daktari anaongea na nani? Mtu mdomo umejaa vyuma, amjibu nini?"

Binti yake wa miaka minane hacheki. Ameshika shavu la kulia.

Saa tisa alasiri mlango unafunguka. Mgonjwa anatoka, mdomo umekwenda upande kwa ganzi. Nyuma yake amesimama mzee mwembamba, barakoa imeshuka kidevuni, koti jeupe limepigwa pasi mbele tu. Mgongoni ni mikunjo mitupu. "Karibuni," anasema, na macho yake yanachangamka kama ya mtu aliyepata wageni.

Mtaani hawamwiti kwa jina. Ni Daktari Achama, kwa neno analowaambia watu kutwa: achama, fungua kinywa chote. Watoto wakimwona barabarani hupanua midomo, wakapiga kelele "Achamaaa!" na kutimua mbio. Wakubwa hufanya kinyume chake. Hufumba. Muuza matunda hujibu salamu yake nyuma ya kiganja. Karamuni, akivuta kiti tu, mwenye soda huisogeza mbele ya jirani.

"Wananijibu kwa midomo iliyobana kama kibeti," anasema daktari. "Wanadhani nawahesabia mashimo. Mimi nataka kujua wameamkaje, basi."

Ndiyo ajabu yetu. Anayetuuzia peremende tunamwita rafiki. Anayetuondolea machungu ya peremende zile tunamkimbia kama nyuki.

Kwa miaka thelathini na moja ametibu vinywa vya familia za mtaa huu, babu hadi kitukuu. Huziba mashimo, husugua ukoga uliogeuka jiwe, husafisha mizizi iliyooza ndani kwa ndani, hutengeneza meno ya bandia. Lakini kati ya watu kumi wanaoketi kwenye kiti chake, saba huja na neno moja tu: ng'oa.

"Jino halina haya," anasema. "Likianza shimo halipigi hodi. Likianza kuuma, limeshakula nyumba nzima. Ningependa siku moja benchi langu lijae watu wasioumwa. Waje kuangaliwa tu, tucheke, waende zao."

Msaidizi wake wa sasa huja asubuhi peke yake. Alasiri daktari hubaki na mashine, mrija wa kufyonza mate, na kigoda cha mbao kilichowekwa mkono wa kushoto wa kiti cha mgonjwa. Kigoda hicho hakikaliwi. Lakini hakina vumbi.

Leo mama mshonaji hakai hata vizuri. "Daktari, ling'oe. Usiku kucha nyumba haikulala. Si jino la utoto hilo? Litaota jingine."

Daktari anavuta taa. "Mjukuu, achama."

Anatazama kwa muda, kisha anamgeukia mama. "Binti yangu, hili haliotei jingine. Hili ndilo lenyewe."

"Lini? Hapo halijang'oka jino hata moja!"

Hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akifikisha kama miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto. Halisukumi jino, halimwagi damu, halisherehekewi. Linaingia kama mgeni wa mlango wa nyuma, na kwa sababu hakuna aliyemwona akiingia, wote wanadhani ni mwenyeji wa zamani. Kisha linang'olewa, na nyumba inasubiri jingine lisilokuja.

"Wewe ni mshonaji," daktari anasema. "Nguo ikitoboka tundu, unakata mkono mzima?"

"Mkono wa nguo haulii usiku, daktari."

Anacheka, kicheko cha mtu asiyezoea kusikia chake. "Hapo umenipata. Lakini shimo bado halijafika kwenye uhai wa jino. Leo nitalisafisha, niweke dawa ya kulituliza. Jumamosi ya wiki ijayo nizibe moja kwa moja, na magego mengine niyapake utando wa kinga. Nyumbani mswaki mara mbili, dawa yenye floraidi, na wewe mwenyewe umsugulie huko nyuma. Mkono wake haujafika."

"Haya. Lakini likimliza tena, nalitoa mwenyewe kwa mkasi wangu."

Daktari anamwonyesha mtoto sheria yake ya pekee. "Ukishaachama huna mdomo. Mkono wako wa kushoto ndio mdomo. Ukiuinua, nasimama."

Sindano ya ganzi inapita kwa chozi moja. Ziiiii. Mkono wa kushoto unainuka. Sauti inakatika papo hapo.

"Inauma?"

Mtoto anatikisa kichwa, anatema kwenye beseni. "Babu, kile kigoda cha nani?"

Mama yake anamfinya mguu. Daktari amebaki na kifaa hewani.

"Cha mke wangu. Alikuwa anashika mrija. Tena alikuwa mkalimani." Anageuka kwa mama, kana kwamba anaomba ushahidi. "Mdomo ulioachama hauna ndiyo wala hapana, una 'aa' tu. Yeye alizijua zote. Namwuliza mgonjwa, 'Mvua ilikukuta?' Anasema 'aa.' Mke wangu ananiambia, 'Anasema ilimkuta darajani, na viatu vimeharibika.' Mgonjwa anaitikia kwa macho kuwa ni kweli! Sijui alikuwa anazisikiaje."

"Na sasa?" mtoto anauliza.

"Sasa nauliza tu."

Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita. Nyumbani, anasema, bado kuna miswaki miwili kwenye kikombe. Mtu anayewahimiza wenzake wabadilishe mswaki kila miezi mitatu anao mmoja asioweza kuugusa, na si wake. Mtoto wao wa pekee anaishi mbali, hupiga simu Jumapili. "Ananiuliza, 'Baba, umekula?' Nasema nimekula. Simu nayo ni kama kinywa kilichoachama. Haisemi yote."

Kazi inaisha. Dawa nyeupe imekaa ndani ya gego kama uzi ndani ya tundu la sindano. Daktari anamimina maji glasi mbili, moja ya mtoto, moja yake. Wanakunywa pamoja.

Mama anafunga mkoba. "Jumamosi hiyo, daktari... tutaona."

Uso wa mzee unazimika. Katika kazi hii neno analoliogopa si "inauma". Ni "tutaona". Waliosema "tutaona" wengi hakuwaona tena, au aliwaona dawa ikiwa imedondoka na jino limebaki kipande.

Mtoto bado anamkodolea macho. "Babu, mbona maji unayapeleka upande mmoja? Mimi pia nilikuwa nafanya hivyo. Linakuuma?"

Mashine imezimwa, na hakuna mlio wa kujificha ndani yake.

"Linauma," anasema hatimaye. "La chini, kushoto. Tangu... tangu zamani kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa akinikagua, akiona shimo ananifukuza kwa daktari mwenzangu, ng'ambo ya mto."

"Sasa nani anakuangalia?"

"Mganga hajigangi, mjukuu wangu."

"Basi utakwenda lini?"

Daktari anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa. "Ah. Tutaona."

Mama mshonaji anaachia mkoba. "Eti nini? Hebu rudia! Tutaona yangu ilikukunja uso kama limau, na yako je? Imeshonwa kwa hariri?"

Wote watatu wanacheka, na kwa mara ya kwanza kicheko cha mzee kinawaonyesha meno yake, hadi lile la chini, kushoto, jeusi katikati. Haweki kiganja mdomoni.

"Sikia, daktari," mama anasema, sauti imeshuka. "Wewe ondoa yako, na mimi naondoa yangu. Jumamosi tuko hapa."

Mzee anakivuta kigoda kutoka mahali pake. Anakisogeza mpaka mbele ya mtoto, kisha anainama macho yao yakutane.

"Mjukuu wangu, kabla ya Jumamosi hiyo nitakwenda ng'ambo ya mto, nikae kwenye kiti cha wagonjwa kama mtu yeyote. Na ukija, kabla sijakugusa, utakaa hapa, uwashe taa, uniambie, 'Babu, achama.' Nami nitaachama. Nakuahidi."