Nyumba ya Mama Pelagia Iliyoandikwa Kama Mzigo

Mama Pelagia, mjane wa mtaa wa Ng'ambo pale Tabora, alikuwa na nyumba nzuri ya bati, na aliwaogopa ndugu wa marehemu mumewe. Mwaka 1951 akaamua kuikabidhi kwa Dionis, mtoto wa kaka yake, amtunzie yeye mwenyewe maadamu yu hai, na akifa iwe ya mjukuu wake Eustadia.

Hakwenda kwa wakili. Alikwenda kwa Nikolaus, aliyekuwa karani wa mizigo stesheni ya Tura mpaka alipofukuzwa, na sasa akiwaandikia watu barua nje ya soko. Leseni hakuwa nayo. Alikuwa na tai. Akaandika hati ndefu, akaigonga muhuri aliouchonga kwa kiazi, akapewa chupa ya asali ya Ipole.

Baadaye Mama Pelagia akaenda Bukene kumwuguza binti yake. Aliporudi baada ya mwezi, alimkuta Dionis amehamia chumbani mwake na mke na mbuzi.

"Wewe Dionis! Umeingiaje humu?"

"Kwa hati, shangazi. Inasema mzigo usiochukuliwa na mwenyewe kwa wiki mbili ni mali ya mtunzaji."

Wakafika barazani kwa liwali, Nikolaus naye akaitwa. Liwali akaisoma hati, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hapa pameandikwa nyumba isigeuzwe juu chini, wala isiwekwe karibu na samaki. Nani kaandika?"

Nikolaus akanyoosha tai. "Mimi, Bwana Liwali. Ni maneno ya kisheria."

"Wewe ni wakili?"

"Moyoni, ndiyo."

Watu wakaangua kicheko. Mama Pelagia akadakia, "Kama si wakili, basi hati imekufa!"

"La, mama," liwali akasema. "Kuandika bila ruhusa ni kosa lake, na atalijibu. Hati haifi kwa hilo. Inakufa kwa sababu hakuna awezaye kujua ulikabidhi nyumba au gunia la karanga. Nyumba bado ni yako. Sema sasa unachotaka, karani aandike."

Mama Pelagia akasema, mbele ya mashahidi: mtunzaji awe jirani yake Amne, akifa nyumba iwe ya Eustadia, na Dionis asikabidhiwe chochote, hata kuku.

Dionis akahama jioni ile ile, akimvuta mbuzi aliyekwisha kuipenda nyumba.

Amne naye aliichukua kazi kwa dhati. Kila Ijumaa alikuja kukagua, akagonga kuta kwa fimbo, akalaumu moshi wa jikoni, mpaka Mama Pelagia akaanza kujificha uvunguni.