Glavu za Ngozi ya Kondoo

Zama za Wadachi, Msafiri alikuwa akichoma nyama ya kuuza karibu na boma lao pale Arusha. Aligeuza mbavu kwa mikono mitupu, hata viganja vikababuka, akashindwa kumbeba mtoto wake mchanga. Mkewe Simaloi, binti wa Kiarusha, hakuvumilia kumwona hivyo, akaazimia kumshonea glavu.

Alianza na ngozi ya mbuzi, lakini joto lilipenya. Akajaribu ya ng'ombe, nayo ikawa ngumu kama ubao, vidole havikunjiki. Mwishowe akachukua ya kondoo, akaishona manyoya yakiwa ndani.

Asubuhi Msafiri alimkuta jikoni ameivaa, ameshika ubavu uliotoka motoni.

"Hii inafaa," Simaloi akasema. "Joto halinifikii."

"Na zile za kwanza, alizijaribu nani?"

Simaloi akaficha mkono wa kushoto ndani ya shuka. Msafiri akauvuta polepole, akakiona kiganja chekundu, kimevimba.

"Ungeniachia mimi, mke wangu."

"Wewe umeungua vya kutosha."

Msafiri akateremsha kibuyu cha samli, akaketi kando yake, akampaka taratibu. Siku hiyo wateja walingoja nyama mpaka adhuhuri.