Duka la Kando ya Mochari

Wiki iliyopita familia ilinituma nimnunulie marehemu mjomba soksi. Kando ya mochari moja hapa mjini kuna duka dogo la nguo za kuwavisha maiti: suti, magauni meupe, glavu. Mwenye duka, mama wa makamo, aliniambia aliwahi kuwa nesi.

"Ukaacha kazi yenye pensheni uje kuuza hizi?" nikamuuliza.

"Kule wodini nilikuwa najua tu nani hataona asubuhi," akasema, kiganja tumboni. "Nikimwambia daktari, ananiuliza, 'Vipimo vinasemaje?' Siku moja moyo ukaniambia, toka, fungua duka. Hapa hakuna mtu ananiuliza vipimo."

Nilikuwa nimeanza kumsifu alipoingia mwanamume mwenye thamosi ya uji, akitoka kumwona mkewe hospitalini.

"Mama, alifurahi sana ulipokuja kumwona jana. Na leo amemaliza kikombe! Daktari anasema wiki ijayo tunarudi nyumbani, Satellite."

"Mungu ni mwema, baba," mama akajibu, akimshika mkono kwa muda mrefu kidogo.

Mwanamume akaenda zake akipiga mluzi. Mama akatungua gauni jeupe ukutani, akachomeka pasi.

Sisi waandishi wa magazeti hatuchoki kuwahimiza mwache ajira, mfuate moyo. Haya, huyu aliufuata, na biashara inakwenda. Mimi nililipia soksi nikatoka upesi, kabla hajanitazama vizuri usoni.