Mgongo wa Bonifasi

Asumani Kasongo wa Ujiji alikuwa mtu wa kalamu. Kabla hajaingia porini alikuwa ameandika barua za watu sokoni, ameuza vitenge kati ya Kalemie na Bujumbura, na amejifunza Kifaransa cha kuulizia njia na Kibembe cha kupatania bei. Wazee wake walivuka ziwa kutoka Manyema wakajihesabu waungwana, na yeye akarithi majivuno hayo pamoja na kofia ya marehemu baba yake. Duka alimokuwa karani lilipofungwa mwaka 1973, alipata kazi moja tu: kukamata mbung'o kusini ya mto Malagarasi, mahali ambapo unaweza kutembea siku nzima usisikie jogoo.

Kambi ilikuwa kibanda kimoja na watu wawili. Wa pili aliitwa Bonifasi, Muha wa Kasulu, mkulima mrefu, mtu wa misa, asiyejua kusoma hata jina lake.

"Mwakeye," Bonifasi alimsalimu siku ya kwanza, kwa Kiha.

"Kiswahili hujui?"

"Najua. Nilitaka kuona kama wewe unajua cha kwetu." Akamtazama mikono. "Ninyi wa Ujiji jembe mnaliamkia shikamoo, kisha mnapita mbali."

"Na ninyi sabuni mliiona mwaka gani?"

"Mwaka ule mlipokuja kutuuzia. Mlituuzia nusu kipande."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mmoja hutangulia njiani amening'iniza kitambaa cheusi mgongoni, maana mbung'o hupenda cheusi kinachotembea, hudhani ni nyati. Mwenzake hufuata na wavu mdogo wenye mpini. Kila baada ya hatua mia mbili wanasimama. Wa mbele hatikisiki. Wa nyuma huwanasa waliotua, huwatia kwenye chupa na kuandika idadi, ili wakubwa mjini wajue malale yanaelekea wapi. Kanuni ilikuwa kupokezana: wiki hii wewe chambo, wiki ijayo mimi. Si kila mbung'o hutua kwenye kitambaa. Wapo wanaochagua shingo, na mdomo wao hupenya shati kama sindano ya kushonea gunia.

Wiki ya kwanza ya Asumani kuwa mbele ilimtosha. Shingo ilivimba, na kila aliposimama asitikisike alihisi machozi yanamtoka.

"Bonifasi," alisema jioni ya Jumamosi, bila kumtazama. "Nibebee na wiki zangu."

"Zote?"

"Zote. Sema unachotaka."

Bonifasi alifikiri sana. Barua za mke wake, Skolastika, zililetwa na dereva Pastory mara moja kwa mwezi, na Pastory ndiye aliyezisoma, kwa sauti, akicheka mahali pasipochekesha.

"Nifundishe kusoma," Bonifasi alisema. "Sitaki Pastory ajue mambo ya nyumba yangu. Mimi hata hivyo damu yangu chungu. Mbung'o akiinywa anajuta."

Ndivyo ilivyokuwa. Mchana mgongo ulikuwa wa Bonifasi, jioni mkaa na ubao vilikuwa vya Asumani. Mwalimu alikuwa mkali, mwanafunzi mbishi, lakini katika miezi sita Bonifasi alisoma barua yake mwenyewe, akiwa amekwenda nyuma ya kibanda ili asionekane akilia.

Naye alikuwa na namna yake ya kushukuru. Alitega kanga wa porini, na mitego yake ilikuwa ya kunyonga. Alipoona Asumani anakula ugali na chumvi kwa sababu nyama haikuchinjwa, alibadili mitego yote, akaifunga ya kunasa mguu, akawa anarudi amekumbatia ndege hai anayempiga mabawa usoni.

"Mchinje huyo haraka," alikuwa akisema. "Ananidonoa kama mama mkwe."

Hakuna aliyemwita mwenzake rafiki. Asumani angechekwa Ujiji, na Bonifasi asingeona haja.

Mwezi wa nane mwaka uliofuata, Bonifasi alishikwa homa. Alimeza klorokwini, homa ikatulia, ikarudi. Kisha akaanza kusahau herufi. Maneno aliyoyasoma vizuri juzi aliyatazama kama nyayo za mnyama asiyemjua. Alisinzia mchana na tonge mkononi. Alipoamshwa aligomba, na baada ya kugomba alilia.

"Unanifanyia mzaha," Asumani alimwambia. "Muha akishiba masomo hulala?"

"Sijui, bwana. Kichwa kimejaa pamba."

Mtu atauliza: watu wanaofanya kazi ya malale wangekosaje kuyatambua malale? Lakini ndivyo walivyokosa. Kwa wakamata mbung'o wote wa pori lile, malale yalikuwa ugonjwa wa wanavijiji, wa watu wasiomjua mdudu. Waliamini kuwa mwili uliotafunwa kila siku huzoea, kama kisigino kinavyozoea mawe. Asumani aliamini hivyo kwa nguvu zaidi, kwa kuwa imani hiyo ilimruhusu kulala vizuri.

Asubuhi moja walisimama kwenye kituo cha tisa. Mbung'o kumi na mmoja walitua kwenye shingo ya Bonifasi, wamepangana kama dagaa juu ya mchanga. Asumani aliwanasa polepole, mmoja mmoja, kama alivyofundishwa, asimwache hata mmoja, na moyoni alifurahi, kwa sababu mwezi mzima hawakuwa wamepata idadi kama ile. Alipokuwa anafunga kizibo ndipo alipoona kuwa Bonifasi hakushtuka hata mara moja. Alikuwa amelala, amesimama wima, mate yanamtoka.

Asumani aliiacha chupa ikaanguka.

Gari la Pastory lilitazamiwa baada ya wiki tatu. Tumaini lilikuwa kitongoji cha Mzee Mwinshehe, nyumba kumi na mbili, mwendo wa nusu siku kuelekea ziwani. Pale palikuwa na wanaume, na machela, na njia ya kwenda Ilagala kwenye mashua. Asumani alimpandisha mwenzake mgongoni, akamfunga kwa kitambaa cheusi kama mama anavyofunga mtoto. Blanketi lao lilikuwa limechakaa, lingekatika. Alijua vizuri mno cheusi kinaita nini. Mbung'o walikuja, wakatua juu ya Bonifasi, na Asumani, mikono imeshika mapaja ya mgonjwa, hakuweza kumfukuza hata mmoja. Alikimbia alipoweza. Mahali pengi hakuweza.

Walifika saa tisa. Kitongoji hakikuwa na paa hata moja. Kuta zilisimama, milango imeng'olewa, majivu ya mafiga yameloa. Asumani aliita hodi kwenye nyumba ya Mwinshehe, ingawa aliona mbingu ndani yake.

Mwanamke alitokea kwenye shamba la mihogo, ameshika jembe kwa namna ya mtu aliye tayari kupiga.

"Nyie ni wa Operesheni, wa kuhamisha watu?" aliuliza.

"Ni wa mbung'o, mama. Watu wako wapi?"

"Wamehamishwa. Tuko kijiji kipya, barabarani, huko juu. Mimi nimetoroka kuchimba mihogo yangu, huko hatujavuna kitu." Aliitwa Veneranda. Alimsogelea Bonifasi, akamfunua jicho kwa kidole. "Huyu ana malale."

Hakuwa ameona darubini maishani mwake, na alijua kwa kutazama mara moja. Asumani alikaa chini.

"Kijijini kwenu wapo wa kunisaidia kubeba?"

"Wapo, lakini ni mwendo wa mpaka kesho, tena ni kuliacha ziwa nyuma." Alitupa jembe kichakani. "Simama, baba. Kata miti miwili, tumbebe wenyewe mpaka Ilagala. Ukikaa hivyo mtakuwa wagonjwa wawili."

Walimbeba kwa machela, mwanamke mbele, mwanamume nyuma, siku hiyo na siku iliyofuata. Veneranda alikuwa na tawi mdomoni, akitikisa kichwa kuwafukuza wadudu. Njiani Bonifasi aliamka mara moja, akamwita Asumani kwa jina la kaka yake, Martini, akamwomba wasimrudishe porini. Ilagala walipata mashua ya dagaa iendayo Kibirizi. Veneranda hakupanda. Alisema mihogo yake itaibwa, akageuka.

Kwenye hospitali ya mjini, tabibu kijana aliyeitwa Oswald aliwatoboa vidole wote wawili, kwa kuwa wote walikuwa wa kambi moja. Alikaa kwenye darubini muda mrefu, kisha akaja na majibu.

"Mwenzako wadudu wa malale wamejaa damuni. Na maji ya uti wa mgongo yanaonyesha wameshaingia kichwani." Akageuza karatasi. "Wewe huna hata mmoja. Una bahati, bwana. Kwa kazi ile, miezi yote ile?"

Asumani angepewa wadudu wale wote siku ile, angewapokea kwa mikono miwili.

Dawa ya hatua ile ilikuwa kali, ya mshipani, iliyochoma kama pilipili, na Oswald hakuficha kwamba yenyewe huua baadhi ya wale inaowatibu. Skolastika alifika kwa lori kutoka Kasulu siku ya sindano ya pili, mwanamke mfupi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Shemeji," alimwita Asumani, kwa kuwa barua za mumewe zilikuwa zimemtaja hivyo. "Mbona wewe mzima? Hamkuwa mnapokezana?"

Angeweza kudanganya. Hakuna mtu duniani angemsuta.

"Nilimwomba abebe zamu zangu," alisema. "Mwaka mzima. Akakubali ili nimfundishe kusoma."

Skolastika alimtazama mpaka muuguzi alipokuja na sindano.

"Mshike miguu," alimwambia. "Mimi nitashika mikono."

Bonifasi alipiga kelele kwa Kiha, maneno ambayo Asumani kufikia wakati ule aliyaelewa yote. Sindano ya tatu, Alhamisi asubuhi, ilimletea degedege. Alikufa kabla ya adhuhuri kuadhiniwa.

Walimzika Katubuka, hapohapo mjini, kwa sababu hapakuwa na gari la kurudisha maiti Kasulu. Asumani alichimba kaburi pamoja na Wakristo, akasimama kando walipoimba. Baadaye Skolastika alimkuta ukutani mwa hospitali, akampa karatasi.

"Mwandikie kaka yake, Martini. Mimi sijui kuandika, hata zangu huandikiwa na watu. Mweleze yote."

"Na lile la zamu?"

"Hasa lile."

Aliandika akiwa amesimama, karatasi imelala kwenye kizingiti cha dirisha. Ilimchukua muda mrefu kuliko barua yoyote aliyowahi kuandikia watu sokoni. Alipomaliza akamsomea. Skolastika alisikiliza, macho yameelekea ziwani, kisha akainua kidole.

"Hapo uliposema tulikubaliana."

"Ndiyo."

"Mimi hukuniambia hivyo. Uliniambia ulimwomba. Futa."

Asumani alifuta, akaandika nilimwomba, akampa.