Mwacheni Alale

Mama aliuliza swali moja tu alipoambiwa kwamba tunakwenda likizo.

"Tunakwenda kulima shamba la nani?"

"Hatuendi kulima, mama," kaka akamjibu. "Tunakwenda kukaa."

"Basi kuna msiba."

"Hakuna msiba."

"Watu hawatoki Kasulu na watoto na masufuria kwenda kukaa tu porini. Kama msiba haupo, tutaukuta hukohuko."

Shemeji, mke wa kaka, alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nami nilicheka. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa kwenye vijiji vya barabarani, na mimi nilikuwa nimerudi kutoka Uvinza, ambako nilibeba magunia ya chumvi mpaka nikaichukia hata kwenye maharage. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa mtu wa kupanda lori lolote linaloondoka. Kuambiwa kuna nyumba kando ya pori, na kwamba hakuna kazi huko, kulinitosha.

Kaka alikuwa bwana nyuki wa Kibondo. Kazi yake ilikuwa kuwafuata warina asali porini na kuwafundisha wasichome moto mizinga, na kwa ajili hiyo alilala chini ya miti miezi mingi kuliko aliyolala kwake. Zamani, kabla ya kazi hiyo, alimpikia Mzungu mmoja wa misheni ambaye kila mwaka alikwenda ziwani, akafungua kiti cha turubai na kutazama maji. Jambo hilo lilimkaa kaka kichwani. Aliapa kwamba siku moja na yeye atawachukua watu wake, akae nao mahali, asifanye lolote.

Ugonjwa ulikuwa umo ndani yake tayari tulipofunga mizigo. Hatukujua. Alikuwa na kichwa kinachouma na vihoma vya kuja na kuondoka, na shemeji alimpa aspirini na klorokwini kama alivyompa kila mtu.

Nyumba ilikuwa ya idara, matofali ya udongo na bati, mwisho kabisa wa barabara. Mbele yake miti ya miyombo ilianza kuteremka kuelekea mabwawa ya Moyowosi, nchi ambayo serikali ilitaka iwe ya wanyama peke yao. Nyuma yake kulikuwa na kijiji kisicho na mtu. Wenyewe walihamishwa, milango na madirisha wakaondoka nayo, na nyumba zikabaki zimeachama. Migomba iliendelea kuzaa. Ndizi ziliiva, zikaoza, nyani wakazila na kutapanya maganda hata kwenye makaburi. Mama alisimama barazani asubuhi ya kwanza akatazama upande huo.

"Nyumba zote hizi," alisema, "na hakuna hata moja inayotoa moshi."

Hakukaa tena kwenye baraza ile.

Mbung'o walikuja pamoja na jua. Inzi wa nyumbani ukimfukuza anaondoka, lakini yule anazunguka nyuma yako na kutua mahali ambapo mkono haufiki. Walipenda kitenge cha buluu cha shemeji kuliko kitu chochote. Nilimnasa mmoja nikamtazama vizuri, maana nilikuwa nimesikia habari zake tu. Mbawa zake hulaliana mgongoni kama visu viwili vya mkasi uliofungwa. Nilipomminya, damu ilitoka mbichi, nyekundu, ya muda huohuo, nikajiuliza ni ya nani kati yetu.

Mama hakuwajali mbung'o. Alihofia simba, akatufanya tuusukumie mlango kinu kila jioni.

"Mama, mbung'o ndio wabaya," kaka alimwambia. "Simba atakula mmoja wetu ashibe."

"Mbona wewe wanakuuma kila mwaka na hujafa?"

"Mimi wananijua," kaka akasema, nasi tukacheka tena.

Siku ya kwanza kaka alilala baada ya chai. Alikaa kwenye mkeka, akaegemea ukuta, na kikombe kikiwa bado mkononi macho yakafumba. Shemeji alikichukua kikombe polepole kama anayetoa yai chini ya kuku. Uso wake ulijaa furaha.

"Mwacheni alale," alinong'ona. "Mwili unadai."

Basi tukaulinda usingizi ule. Watoto wake wawili tuliwapeleka wacheze mbali. Mimi nilikaa na fimbo kuwafukuza nyani wasipige kelele kwenye bati. Mama mwenyewe, ambaye hakuwahi kumsifu mtu anayelala mchana, alisema afadhali mwanawe amejua kupumzika. Usiku kaka hakulala, alizungukazunguka nje, na hilo tuliliona la kawaida: amelala mchana, usingizi atautoa wapi tena? Siku nyingine binti yake mdogo alimmwagia maji miguuni kwa bahati mbaya. Kaka alimpiga kofi lililomwangusha. Hakuwa amempiga mtoto yule tangu azaliwe. Alitazama kiganja chake, akakaa chini, akalala.

Halafu baba mkwe wa kaka akaja kutusalimu.

Alitoka Gwarama kwa lori la mihogo mpaka njia panda, akaja kwa miguu sehemu iliyobaki, mzee mrefu mwenye koti na fimbo. Anayewajua Waha anajua salamu zetu. Haziishi haraka. Wewe mdogo unainama, unapiga makofi ya polepole, mnashikana mikono mpaka viwiko, na anayeulizwa anajibu habari za nyumba, za watoto, za mvua, za maharage, moja baada ya moja, na kila moja ina jibu lake. Kaka alikuwa bingwa wa salamu. Inasemekana baba mkwe alimkubalia binti yake kwa sababu ya salamu tu.

"Mwakeye," mzee akaanza.

Kaka aliinama, akapiga makofi, akajibu. Mzee akauliza nyumba. Akajibu. Mzee akauliza watoto. Akajibu, lakini makofi yalikuwa yamepungua nguvu. Mzee alipofika kwenye mvua, mikono ya kaka ilining'inia, kidevu kikagusa kifua, na pale pale aliposimama, mbele ya baba wa mke wake, akakoroma.

Mzee aliichomoa mikono yake.

"Mkwe wangu amekuwa mkubwa," alisema. "Siku hizi anasalimiwa usingizini, kama mwami, kama mfalme."

"Baba, amechoka," shemeji akapiga magoti. "Baba, subiri maji ya kunywa."

"Maji? Nyumba hii haijanisalimu, itaninywesha?"

Aliondoka bila kukaa. Shemeji alijua maana yake: baba aliyekataa maji kwa mkwe anaweza kumwita binti yake nyumbani, na akimwita hana budi kwenda. Alilia. Kaka alipozinduka na kuelezwa, alisema tunamtania.

Mama ndiye aliyeamua dawa, na dawa ya jambo kama hilo kwetu ilijulikana: mtungi wa pombe ya ndizi na mbuzi, mkosaji aende mwenyewe, akainame mpaka ainuliwe. Mbuzi nilimtafuta kwa warina asali. Ndizi tulizikata kwenye migomba ya wale waliohamishwa. Mama alizikamua bila kuimba, akafunika mtungi kwa majani, tukangoja pombe ichachuke.

Siku zile za kungoja pombe ndizo ninazoziona mpaka leo. Kaka alikuwa akitutoka mbele ya macho yetu. Tulimkuta amelala na tonge la ugali shavuni. Alitembea kwa kuburuta miguu, akaongea kama mtu mwenye jiwe mdomoni. Mama alisema aibu inamla. Kila asubuhi alifunua majani, akanusa mtungi, akasema bado kidogo.

Kule Uvinza nilikuwa nimesikia wapagazi wakizungumza juu ya mtu wa kwao aliyeumwa na mbung'o, akawa analala hivyohivyo mpaka akafa. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, hayawezi kuwa malale?"

Alinigeukia na mwiko.

"Umezunguka nchi nzima, na hilo ndilo ulilotuletea? Funga mdomo. Ukiliita litakuja."

Shemeji alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa, ila vidole vyake vilisimama.

Pombe ilipokuwa tayari tulimpandisha kaka juu ya magunia ya lori. Alilala njia nzima, bati la lori likimgonga kichwa bila kumwamsha. Gwarama tulimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, na majirani wameitwa washuhudie. Mama alisema maneno yanayopaswa kusemwa. Mtungi uliwekwa katikati na mirija yake. Kaka alisukumwa mbele, akayaangukia magoti yake badala ya kuyapiga.

"Nakuomba…" alisema, akaishia hapo.

"Mnaona?" mzee aliwaambia majirani. "Hata kuomba radhi anasinzia! Inama vizuri, wewe!"

Akainuka kwa hasira, akamshika kaka kisogoni kwa mkono mmoja ili amwinamishe mpaka chini.

Mkono ukabaki pale. Niliona vidole vya mzee vikitembea nyuma ya shingo ya kaka, upande wa kushoto, upande wa kulia, taratibu, kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Hasira ilimtoka usoni kikabaki kitu kingine kibaya zaidi. Zama za Mwingereza, yeye akiwa kijana, watu wa kwao walihamishwa kutoka porini kwa sababu ya malale, na kila mara walipangwa mstari wakapapaswa shingo. Waliokutwa na tezi zilizovimba walitolewa pembeni. Baadhi yao hakuwaona tena.

"Huyu hana dharau," alisema. "Huyu anakufa. Toeni pombe hii hapa!"

Shemeji alipiga yowe. Mama alikaa chini penye vumbi. Alikuwa akitazama mtungi.

Mimi nilikimbia barabarani. Kati ya utingo wote wa barabara ile hakukuwa na ambaye sikuwahi kushiriki naye sigara, na jua lilipoanza kushuka tulikuwa juu ya lori la kahawa, kaka katikati yetu, mzee amempakata kichwa. Hatukupumzika mpaka Kabanga, kwenye hospitali ya misheni.

Walimchoma sindano ya uti wa mgongo, wakatoa maji yake, wakayatazama. Mganga alituita nje. Wadudu walikuwa wamefika kichwani. Dawa ipo, alisema, lakini yenyewe ni sumu, na kuna wanaouawa nayo. Wenye mgonjwa wakubali.

Mama alimtazama shemeji. Shemeji alimtazama baba yake. Mzee aliuliza:

"Asipodungwa?"

"Atakufa."

"Basi mnatuuliza nini? Mdungeni."

Dawa ilimpitia mshipani kama pilipili. Alipiga kelele kama mnyama, baadaye akatetemeka mwili mzima, na tulimshikilia kitandani, mzee miguu, mimi mabega. Jirani yake wa kitanda cha pili alidungwa dawa hiyohiyo, akafunikwa shuka kabla kaka hajafumbua macho.

Kaka aliyafumbua. Alitoka pale akitembea kwa fimbo, amekonda, mkono wa kulia ukitetemeka. Lakini mganga alitwambia tusishangilie. Ugonjwa ule hurudi. Ilimpasa aende kutolewa maji ya mgongo mara kwa mara, kwa miaka, na kila alipokwenda tulikaa Kasulu tusijue ni mtu gani atakayeshuka kwenye lori.

Siku moja alirudi mchana, jua likiwa kali. Alisema majibu bado, watayaleta. Akaingia ndani, akajitupa kitandani. Nilikuwa nje nikimtengenezea baiskeli yake. Nilimsikia anapumua kwa nguvu, pumzi ndefu za mtu aliyezama usingizini. Shemeji aliacha kufua. Mama akapita katikati yetu, akaingia, na tukamsikia akimtikisa.

"Mama, niache," kaka akasema kwa hasira. "Nimechoka tu. Safari imenichosha."

"Inuka," mama akasema. "Choka ukiwa umekaa."